Misumari mitano kwenye pembe ya kenchi inatosha? Upana wa mita 6, mbao ni paina mbichi

Mjenzi_Kibaha

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa wanaojua mbao kabla kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) hazijapandishwa.

Jengo lina upana wa mita 6 ukuta hadi ukuta, paa la digrii 20, kenchi kila baada ya mita 1.2, bati geji 28, ndani itakuja dari ya jipsamu. Kenchi ni za umbo la W na hazishikwi na ukuta wowote wa kati. Mbao ni paina ya Mafinga yenye dawa, inauzwa kama 2x4 ila nikipima napata mm 45 kwa 90. Bado ni nzito, na ukipigilia msumari maji yanachuruzika pembeni ya kichwa.

Fundi analaza mbao ubavu kwa ubavu kwenye kila kiungo na kupiga misumari mitatu ya nchi 4. Pale kombamoyo (mbao ya mteremko wa paa) linapokutana na mbao ya chini, juu ya ukuta, anapiga mitano. Nikimwambia aongeze anasema mbao itapasuka, na kweli kuna mbili zimeshapasuka. Papi za 2x2 (mbao za kushikia bati) nazo anapanga kuzipiga msumari mmoja mmoja kutoka juu. Je, mitano inatosha pale pembeni? Kama haitoshi, mingi inaingiaje bila kupasua? Kuna wanaonishauri niache misumari nitumie skrubu.

---

Boriti_Mhandisi

Mkuu, mitatu ya fundi wako kwenye mbao za katikati (zile zinazochora W) si mbaya. Mitano ya pembeni haitoshi kabisa. Nakuwekea hesabu uifuate mwenyewe.

Bati, papi, kenchi na jipsamu chukua kN 0.4 kwa kila mita ya mraba (kN ni kilonyutoni, moja ni kama uzito wa kilo 100). Watu watakaopanda kupaua na kurekebisha, kN 0.4 nyingine. Ukizidisha mzigo wa kudumu kwa 1.35 na wa watu kwa 1.5 unapata 1.14. Kenchi moja inabeba eneo la mita 1.2 kwa 6, kwa hiyo jumla ni kN 8.2 na kila ukuta unapokea 4.1. Kama kN 1 inashuka moja kwa moja ukutani kutoka kipande cha mwisho cha paa. Zile 3.1 zinazobaki zinapita ndani ya kombamoyo, na kwa sababu limelala, nguvu inakuzwa: 3.1 ukigawa kwa sine ya digrii 20 ni kN 9. Ni karibu kilo 900 zinazotaka kutelezesha kombamoyo juu ya mbao ya chini, na kinachozuia ni misumari peke yake. Paa likiwa na mteremko mdogo zaidi, namba hiyo inapanda.

Sasa msumari. Wa nchi 4 mara nyingi una kipenyo cha mm 4 hivi. Pima kwa kalipa, maana kuna inayouzwa ikiwa myembamba. Kanuni za Eurocode 5 (kanuni za Ulaya za ujenzi wa mbao) zinafuata kazi ya K. W. Johansen wa Denmark ya mwaka 1949: msumari ukisukumwa kwa ubavu, mbao inapondeka chini yake huku msumari wenyewe ukipinda, na nguvu ya kiungo ni ile inayohitajika kuvifanya vyote viwili. Kwa paina ya kilo 350 kwa mita ya ujazo, msumari mmoja wa mm 4 unatoa kN 1.15. Ukishapunguza kwa ajili ya usalama, inabaki kN 0.80 kwa mzigo wa muda mfupi kama watu au upepo, na kN 0.53 kwa mzigo wa kudumu. Mbao huchoka ikibebeshwa miaka, ndiyo maana namba ya pili ni ndogo.

9 gawanya kwa 0.80 ni 11.3. Weka misumari 12 kila pembe.

Ukiangalia mzigo wa kudumu peke yake, bila mtu hata mmoja juu ya bati, inatakiwa minane. Paa la mitano linaweza kusimama muda mrefu, ila linasimama kwa kula akiba yote ya usalama, na siku mafundi watatu wakikaa upande mmoja hakuna kilichobaki.

Mbao za W zinabeba kama kN 2.1 kila moja. Mitatu inatosha kwa shida, weka minne. Kileleni makombamoyo yanasukumana, kwa hiyo kikubwa ni yakatwe vizuri yabanane uso kwa uso, halafu yashikwe na ubao pande zote mbili.

---

Seremala_Mufindi

Nakubaliana na hapo juu. Nijibu la kupasuka, kwa sababu misumari 12 iliyopigwa ovyo ni mibaya kuliko sita iliyopangwa.

Msumari ukiingia unasukuma nyuzi za mbao kando. Ukiwa karibu na mwisho wa mbao, au misumari miwili ikiwa kwenye mstari mmoja wa nyuzi, ufa unaanzia hapo. Kiungo kinachokufa kwa msumari kupinda kinakufa polepole na unakiona. Cha mbao kupasuka kinaachia mara moja. Nafasi zote zinazowekwa kwenye kanuni zina lengo moja: msumari upinde kabla mbao haijapasuka.

Kwa msumari wa mm 4 kwenye paina bila kutoboa kwanza, kufuata urefu wa nyuzi msumari hadi msumari ni mm 40. Mstari hadi mstari mm 20. Kutoka ukingo wa mbao mm 20, na upande unaosukumwa fanya 25. Kutoka mwisho wa mbao, kama nguvu inavuta kuelekea huko, mm 60. Kama haivuti, 40.

Mbao zako mbili za mm 90 zikikutana kwa digrii 20 zinapishana sehemu ndefu, zaidi ya mm 260. Ukitoa kingo, mistari mitatu ya misumari minne minne inaingia, yaani 12 kamili, bila nafasi ya ziada. Kwa hiyo fundi asikate ncha mapema. Aache mbao zipitilize, apigilie, ndipo apunguze ncha huku akichunga ile mm 60.

Chora mistari kwa penseli. Halafu kila msumari wa pili usogeze mm 4 au 5 nje ya mstari, yaani zigizaga. Minne ikikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka kwa nafasi ya mm 40, inahesabiwa kama mitatu na robo tu, kwa sababu yote inaupasua unyuzi uleule. Ukizigizagisha inarudi kuwa minne.

Usidanganyike kwenda nchi 5. Kipenyo kikifika mm 5 nafasi ya kufuata nyuzi inaruka hadi mm 60, na hapo pembeni itaingia michache kuliko unavyohitaji.

Mbao ikiendelea kupasuka, toboa kwanza kwa biti ya mm 3. Kuna mafundi wanaoona ni uvivu au kupoteza muda, lakini tundu dogo linaruhusu misumari isogeleane: mm 20 kufuata nyuzi, mm 16 kati ya mistari, na mwisho wa mbao mm 48 badala ya 60. Kwa mkaratusi na mbao nyingine ngumu za zaidi ya kilo 500 kwa mita ya ujazo kutoboa si hiari. Kwa paina, hata kuigonga ncha ya msumari ikawa butu kunasaidia: ncha butu inaponda nyuzi badala ya kuzitenganisha.

Jambo moja naliona sana kwenye picha za kenchi: msumari unaopita mbao moja na kuingia kwenye uso uliokatwa wa mwisho wa mbao nyingine. Huo unalala sambamba na nyuzi na unashika kidogo mno. Kwenye hesabu ya kubeba mzigo ni sifuri.

---

Seremala_Mufindi

Nimesahau la maji, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwenye maelezo yako. Maji yakichuruzika kwenye kichwa cha msumari, mbao iko juu ya asilimia 30 ya unyevu. Itakauka ikiwa juu, itasinyaa, na kila msumari utabaki umelegea kwenye tundu lake. Nguvu ya kuzuia msumari using'oke inahesabiwa theluthi mbili tu kwa mbao iliyopigiliwa ikiwa mbichi. Nyufa za kusinyaa nazo hupita hasa pale kwenye misumari.

Mbao za dawa zinatoka kwenye mtungi wa kutilia dawa zikiwa zimejaa maji upya hata kama zilikuwa zimekauka. Zipange kivulini kwa tabaka, katikati ya kila tabaka vibao vya nchi 1 vilivyonyooka mstari mmoja juu ya mwingine, juu weka mbao nzito zisipinde. Chagua kipande kimoja ukipime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imefikia unyevu wa hewa ya kwenu, pigilia. Ukiwa na kipimo cha unyevu, lenga chini ya 20.

Dawa ile ya kijani ina shaba, na shaba kwenye mbao yenye unyevu inakula chuma kitupu. Nunua misumari iliyochovywa kwenye zinki ya moto, ile ya kijivu iliyofifia na yenye uso unaokwaruza. Inayong'aa sana ina zinki nyembamba tu. Kila unapokata, paka dawa kwenye jeraha, maana katikati ya mbao dawa mara nyingi haikufika. Na vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni: dawa hiyo ina aseniki, na moshi wake na majivu yake ni sumu.

---

Paa_Salama

Wote mmezungumzia mzigo wa kushuka. Kwa bati, unaong'oa paa ni upepo, na hapo papi za msumari mmoja ndizo zinatangulia.

Msumari una tabia mbili tofauti kabisa. Kwa ubavu una kN 0.80, mmeshaona. Ukivutwa kufuata urefu wake, unashikwa na msuguano tu. Msumari wa nchi 4 uliopita papi ya mm 45 unabaki na mm 55 ndani ya kombamoyo. Nguvu ya kung'oka ni kN 0.37 kwa mbao kavu, na ikiwa ilipigiliwa mbichi, 0.25. Yaani kilo 38 au 25. Nguvu hii pia inafuata mraba wa uzito wa mbao: paina ya kilo 300 badala ya 350 inapoteza zaidi ya robo, wakati kwa ubavu inapoteza asilimia 7 tu. Paina changa yenye duara pana za ukuaji ndiyo hiyo. Mzigo wa kudumu usitundikwe hata siku moja kwa msumari laini unaovutwa.

Chukua mvutano wa kN 1 kwa mita ya mraba kwenye kingo za paa. Papi zikiwa kila mita 0.9 na kenchi kila 1.2, kila makutano yanavutwa juu kwa kN 1.08, uzito wa bati unapunguza kidogo, baki na 1. Msumari wako mmoja una robo yake. Katikati ya paa mvutano ni kama nusu, na hapo misumari miwili iliyopigwa mshazari ikikabiliana inafika.

Kingoni tumia ukanda wa chuma wenye zinki, upana mm 30 na unene mm 1. Upitishe juu ya papi, ushuke pande zote mbili za kombamoyo, kila upande misumari miwili ya nchi 2. Umegeuza kazi: misumari hiyo sasa inabeba kwa ubavu, kila mmoja kN 0.44, yote minne 1.76. Fanya hivyo kwenye upana wa mita 1.2 kutoka kila ukingo: machozi (sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta), ncha za paa pande zote mbili, na kileleni. Pembe za paa usiruke hata makutano moja.

Kenchi yenyewe kwenye ukuta: ukiwa na machozi ya sm 60, kila upande unavutwa juu kwa kama kN 4.3, ukitoa uzito wa paa inabaki 3.3. Misumari miwili ya mshazari kwenye mbao ya ukutani haifai kitu hapo. Ukanda uleule uzamishwe kwenye mkanda wa zege kabla ya kumwaga, mikia ya sm 50 ibaki juu, uzunguke kenchi na kupigiliwa misumari minne ya nchi 2 kila upande. Waya wa kufungia nondo unaotumika sana kufunga kenchi unalegea na kuota kutu haraka, hasa huku ukanda wa Pwani. Usiutegemee.

---

Mjenzi_Kibaha

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi. Yamebaki matatu. Mbao zina futi 12, kwa hiyo mbao ya chini lazima iungwe, iungwe wapi? Skrubu je? Na kenchi nne zimeshapigiliwa kwa misumari mitano, ziko chini uwanjani.

---

Boriti_Mhandisi

Unga katikati kabisa. Kwenye kenchi yako ya W, mbao ya chini inavutwa kwa kN 8.5 kwenye theluthi za pembeni, lakini theluthi ya kati inavutwa kwa 5.6 tu. Ingekuwa kenchi ya nguzo moja ya kati, mvutano ungebaki 8.5 urefu wote, na huu ushauri usingefaa.

Futi 12 ni mita 3.66. Kata kila mbao iwe mita 3, zikutane katikati. Vipande viwili vya sm 66 vinavyobaki vipunguze viwe sm 60, ndivyo vibao vyako vya kuungia, kimoja kila ubavu. 5.6 gawanya kwa 0.80 ni 7, weka misumari 8 kila upande wa maungio, minne kutoka uso huu na minne kutoka uso ule. Mistari miwili, mm 60 kutoka pale mbao zinapokutana, mm 40 kati ya msumari na msumari. Ya uso mmoja isikutane na ya uso wa pili: zote zinapita ndani ya mbao ileile ya kati, kwa hiyo zipishanishe, mmoja wa mbele, unaofuata wa nyuma. Kibao kimoja upande mmoja tu kisikubaliwe, kitaifanya mbao ipinde ikivutwa.

Skrubu nyeusi za jipsamu zisiguse kenchi. Chuma chake kimefanywa kigumu kwa moto, kinakatika ghafla kikisukumwa kwa ubavu, wakati msumari unapinda kwanza. Skrubu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbao za kubeba mzigo ni nzuri na hazing'oki kirahisi, ila bei yake utaiona. Kwa kiungo chako misumari inatosha.

---

Seremala_Mufindi

Kenchi nne: usizing'oe. Geuza kila moja, kagua pembe pande zote mbili. Kama hakuna ufa, chora mistari mitatu, angalia mitano iliyopo imeangukia wapi, toboa kwa biti ya mm 3 na ujaze mpaka 12. Kama kuna ufa unaotoka kwenye msumari kwenda mwisho wa mbao, badilisha mbao hiyo sasa ikiwa chini. Msumari wa ziada kwenye mbao iliyopasuka unaupanua tu.

Usizipandishe mbichi. Zikishakauka, vichwa vikiwa vimejitokeza, kuvigonga virudi ndani hakurudishi mshiko uliopotea. Kwa viungo vya W na pembe si tatizo kubwa kwa kuwa vinabeba kwa ubavu. Kwa papi ni tatizo, ndiyo maana ile mikanda ya chuma hapo juu usiiache.

Hesabu ya kununua: msumari wa mm 4 kwa 100 una gramu 10 hivi, kilo moja ni kama misumari 100. Kenchi moja inakula 24 za pembe, 32 za W, 16 za maungio na kama 8 za kileleni, jumla 80. Weka kilo moja kwa kenchi pamoja na inayopinda. Misumari iliyoongezeka pembeni ni 14 tu kwa kenchi, gramu 140. Ya nchi 2 kwa ajili ya mikanda ihesabu peke yake: 16 kwa kila kenchi ukutani, na 4 kwa kila makutano ya papi ya kingoni.